Askofu Mkuu Mayala na Mtoto wa Mkulima wa Pamba

Anthony Mayala, Askofu wa Musoma tangu mwaka 1979, aliteuliwa mwaka 1987 kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Mwanza, jimbo hilo lilipopandishwa hadhi kuwa jimbo kuu, yaani jimbo linalotangulia mengine katika kanda moja ya Kanisa Katoliki. Bariadi, ambayo leo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ilikuwa sehemu ya Jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Castor Sekwa na baadaye Askofu Aloysius Balina, kwa hiyo Mayala hakuwa na mamlaka ya kuamuru parokia wala shule za huko. Askofu mkuu si bwana wa maaskofu wenzake, ingawa waumini wengi hudhani hivyo.

Hata hivyo Bariadi iliitegemea Mwanza. Hospitali ya Bugando jijini humo, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na serikali na kurejeshwa kwa Kanisa mwaka 1985 kwa makubaliano ya pande mbili, ni ya rufaa, maana yake hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine. Mgonjwa wa Bariadi alipitia barabara ya vumbi hadi Lamadi, kisha Mwanza, karatasi ya rufaa ikiwa mkononi mwa ndugu aliyemsindikiza, na ndugu huyo ndiye aliyehangaikia mahali pa kulala na chakula mpaka matibabu yaishe.

Katika uongozi wa Mayala, chuo cha Nyegezi kilichoanza mwaka 1960 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na mwaka 2003 kikafuata chuo cha udaktari cha Bugando. Mmiliki wa vyote viwili ni Baraza la Maaskofu, na si haki kumvika mtu mmoja sifa za wengi. Lakini vyuo hivyo viliota katika jimbo lake, vikawasogezea elimu ya juu vijana wa Usukumani waliozoea kuiona Dar es Salaam tu.

Kusogea si kuingia, kwani ada lazima ilipwe. Mkulima hupeleka pamba kwenye mizani ya chama cha msingi kuanzia Mei, na kabla chuo hakijafunguliwa fedha ya mauzo imekwisha kulipa madeni na kununua chakula; hata mikopo ya serikali haimfikii kila mwombaji.

Mayala alifariki Agosti 2009. Wanaotaka kumuenzi huko Simiyu waanzishe mfuko wa ada katika parokia zao, na wauchangie wakati wa kuuza pamba, fedha ingali mkononi.