Mwenye Mshale Ndiye Aishike Ncha Yake

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu hapa Nyamache alikuja kijana mmoja, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuwa mtumishi katika kinu cha kusagia mahindi, na mkanda wa mashini ulimvuta mkono ukamkata vidole viwili. Tajiri wake, naye ni Muislamu katika sisi, alisimama akasema kwamba hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na lililoandikwa halifutiki. Nasi sote tukaitikia. Mimi mwenyewe nilimshika kijana bega nikamwambia avute subira, nikamwombea dua, kisha nikafungua kitabu tukaendelea na somo. Siku ya nne nilipeleka mahindi ya nyumbani katika kinu kile kile, nikauona mkanda ukizunguka wazi, hauna kifuniko, kiasi cha dhiraa moja kutoka anaposimama mtu wa kumimina mahindi. Naliona haya mbele ya Mola wangu, kwani nimemwusia subira aliyekatwa, wala sikumwuliza neno aliyeuacha mkanda wazi.

Hapana katika sisi anayekanusha kudura. Kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini twaitaja wapi na lini? Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, aliletewa habari kuwa tauni imeingia nchi ile. Hakusema twendeni, lililoandikwa halifutiki. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na baada ya kusikiliza akaamuru watu warejee. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu, naye akamjibu kuwa anatoka katika kudura ya Mungu kwenda katika kudura ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na shauri lile. Basi tazama, ndugu msomaji: habari ya hatari ilikuja, wenye maarifa wakaulizwa, uamuzi ukapitishwa, na yote hayo kabla ya mtu hata mmoja wa msafara kufa. Wataalamu wa leo huiita kazi hii kupima hatari. Sisi tumeigeuza: twangoja mtu afe, kisha twaitaja kudura ili tusiulizwe.

Tena angalia ni nani Mtume (S.A.W.) aliyemtwika wajibu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu alipita msikitini na mishale, Mtume akamwamrisha azishike ncha zake. Hakuwageukia waliokaa msikitini akawaambia wajihadhari na mishale ya fulani. Katika hadithi nyingine, nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, naye akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Hakusema waliolala wawe wepesi wa kuamka. Na katika Abu Dawud limo onyo kwa mwenye kulala juu ya dari isiyo na ukingo. Kwa hadithi hizi tatu naona kanuni moja, nayo ni kuwa hatari huondolewa pale ilipo, na aliyeishika ndiye aanze. Uangalifu wa mtu aliye karibu nayo ni jambo la mwisho, si la kwanza. Wenye elimu ya viwanda wamefika hapo hapo: husema iondoe hatari kama yaondoleka, kama haiondoleki weka badala yake kilicho salama, kisha ifunike au uitenge, kisha panga kazi vizuri na uwafundishe watu, na glavu na miwani na barakoa huja nyuma ya yote. Matajiri wengi wa kwetu huanzia mkiani, wakampa mtumishi glavu moja iliyotoboka na maneno mengi ya kumlaumu.

Nchi yetu hii ya Gusii ina kazi nyingi, na kila kazi ina ncha yake. Kule Tabaka watu huchimba na kuchonga jiwe la sabuni, na wanawake wengi huketi wakilisugua kwa msasa. Jiwe likisuguliwa kwa maji, vumbi hubaki katika maji. Likikatwa kavu kwa msumeno wa umeme, vumbi laini huruka likaingia mapafuni wala lisitoke, na maradhi yake huweza kukawia miaka mingi kabla ya kujidhihirisha, hata mtu asijue ameyachukua wapi. Ndoo ya maji yamgharimu nini tajiri? Na ukuta wa machimbo uliochimbwa chini ukaachwa juu unaning'inia, mvua ikiulowesha waweza kuporomoka. Huo hautaki barakoa wala dua ya safari, wataka kukatwa ngazi kwa ngazi kutoka juu, na watu wasiingie chini yake.

Ama mashamba ya chai, ncha yake yatoka mbinguni. Milima hii ni katika nchi zinazopigwa na radi mara nyingi sana, na aghalabu mawingu hufunga baada ya adhuhuri, wakati wachumaji bado wamo shambani na vikapu mgongoni. Kinga yake yajulikana: ukisikia ngurumo acha kuchuma, ingia katika nyumba iliyojengwa imara, usisimame chini ya mti, wala usirudi shambani mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Kila mtu aweza kuyahifadhi haya. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo, naye akiacha kuchuma amekosa chakula cha jioni. Basi kumwambia ajihadhari, na huku ujira wake wamsukuma abaki, ni kumtwika yeye gharama ya usalama wake naye ndiye fukara kuliko sote. Mtume (S.A.W.) alikataza watumishi wasikalifishwe wasiyoyaweza, na wakikalifishwa wasaidiwe. Mwenye shamba na aseme mwenyewe kazi isimame, na nusu saa hiyo aihesabu katika ujira.

Kuna hoja moja ambayo hatutaki kuificha. Wako wasemao kuwa sheria yetu imemwachilia mwenye machimbo, nao hushika hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa madhara ya mnyama, na ya kisima, na ya machimbo, hayana dhamana. Na Imamu Nawawi ameieleza kuwa mtu akichimba katika ardhi yake, akaajiri watu, kisha machimbo yakawaangukia, hana dhamana juu yake. Hadithi ni kweli na maelezo ni hayo. Lakini mafakihi hao hao wamemtoza dhamana mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu, kwa sababu amepindukia mpaka. Basi wamesamehe ajali isiyokuwa na kosa, hawakusamehe kosa. Aliyeuona ufa ukutani akaunyamazia na kumwingiza mtu chini yake amemghushi mtumishi wake, na Mtume amesema mwenye kughushi si katika sisi. Tena hata pasipo na diya, dhambi haikuondoka. Na Waislamu hushikamana na masharti yao: mwenye kuajiri mtu katika Kenya ameajiri chini ya sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, na ya pili ya fidia kwa wanaoumia kazini. Ya kwanza yamlazimu mwenye mahali pa kazi kupima hatari zake na kuzikinga. Penye watumishi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Na mtumishi akiarifu kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu, asirudishwe pale mpaka irekebishwe. Sioni katika hayo lolote linalopingana na dini yetu. Hii ndiyo rai yangu, na mwenye dalili bora aniletee.

Hilo la kutorudishwa lina kisa. Savar, karibu na Dhaka, nchi ya Bangladesh ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, palikuwa na jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana wazi. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamrishwa warudi kesho yake, nao wakarudi, kwa kuwa walitishwa kukatwa ujira. Jengo likaanguka asubuhi ile, wakafa watu zaidi ya 1,100. Jengo ni moja na ufa ni mmoja, waliosikilizwa waliokoka.

Na wako katika sisi watakaotundika hirizi juu ya mashini badala ya kuifunika, au akiumia mtu wataanza kuuliza ni nani aliyemroga. Mwaka 2021 kule Marani wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma ya uchawi. Mwenye kuiacha sababu iliyo mbele ya macho yake akatafuta ya gizani, hajui mkono wake utaishia wapi.

Nilirudi kwa tajiri yule nikamwambia haya yote, na kwanza nikamtaka radhi kijana mbele yake. Alikasirika, kisha akanyamaza. Jumatatu aliita fundi wa kuchomelea, akatengeneza kifuniko cha wavu wa chuma, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Habari ya fidia bado, kwani asema vidole viwili ni vya kushoto kwa riziki ya Mungu, nami nimemjibu kuwa ni vya kulia, na kijana huyu ana mama wa kumlisha. Tumeafikiana tukae baada ya sala ya Ijumaa, na kijana awepo.