Namba ya Siri ya Bibi

“Usimwambie mtu yeyote namba yako ya siri.” Onyo hili tunalisikia redioni, tunalisoma katika ujumbe wa simu, na tunalikuta limebandikwa kwenye vibanda vya mawakala wa MoMo. Ni onyo la kweli. Hata hivyo, hapa Muganza linavunjwa kila siku, tena na watu wema. Bibi humpa mjukuu wake simu pamoja na namba ya siri ili amlipie mituweli. Baba ambaye macho yake yamechoka humwita binti yake amsomee ujumbe wa benki. Jirani huacha kitambulisho chake kwa kijana mwenye simu janja ili amwombee hati ya kuzaliwa ya mtoto. Je, watu hawa wanakosea wanapotoa siri zao? Na yule anayezipokea, ana wajibu gani? Hayo ndiyo maswali ya insha hii.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Muganza ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, katika bonde la Bugarama, inayojulikana kwa kiwanda cha saruji cha CIMERWA na mashamba ya mpunga. Zipo nyumba zenye ruta sebuleni, lakini katika nyumba nyingi intaneti ni simu janja moja ya kijana wa nyumbani, iliyowekwa bando la siku au la wiki. Wakati huohuo, mambo mengi ya lazima yamehamia mtandaoni. Hati za serikali huombwa kupitia Irembo. Mituweli hulipwa kwa simu. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa katika mfumo wa Smart Nkunganire. Fedha anazotuma mtoto aliyeko Kigali huingia katika MoMo, huduma ambayo MTN iliianzisha nchini mwaka 2010. Kwa ufupi, huduma zimefika katika kila nyumba, lakini kusoma hakujamfikia kila aliyemo ndani ya nyumba hizo.

Onyo la redioni lilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye simu yake mwenyewe, anayejua kusoma na anayeona vizuri. Bibi akilifuata neno kwa neno, hatalipa mituweli, na siku atakayougua atafika kituo cha afya bila bima. Kumwambia asimpe mtu yeyote siri yake, halafu tukaishia hapo, ni sawa na kumwambia mtu asiyejua kuogelea asipande mtumbwi, ilhali soko liko ng’ambo ya mto.

Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba onyo hilo lisiwe na mwanya hata mmoja, na hoja yao ina uzito. Mwizi wa mtandaoni haji na panga. Huja akisema, “Ninakusaidia.” Hupiga simu akidai kwamba ametuma fedha kwa makosa, au kwamba yeye ni mfanyakazi wa kampuni ya simu na laini yako inakaribia kufungwa. Rusizi tunawajua vizuri watu wa aina hii, kwa kuwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, imewahi kuwakamata katika wilaya yetu watuhumiwa wa kundi linaloitwa Abameni. Tukimfundisha bibi kwamba siri inaweza kutolewa kwa “mtu mwema”, atamtambuaje mtu mwema kwa kusikia sauti tu? Amri isiyo na mwanya ni rahisi kuikumbuka, na humlinda zaidi yule asiyeweza kupima maneno ya mgeni. Nakubaliana na hoja hii kuhusu wageni: kwa anayepiga simu, jibu liwe hapana siku zote. Lakini mjukuu si sauti ya simuni. Anakula chungu kimoja na bibi yake, na msaada wake hauna mbadala.

Kundi la pili husema kinyume chake: katika familia hakuna siri. Ukimwuliza mjukuu anafanya nini na namba ya bibi, umemtukana yeye na ukoo wake. Wazo hili lina uzuri wake, maana linatukumbusha kwamba watu wa nyumba moja hawaishi kama wapangaji. Lakini wahenga wa Kiswahili hawakuwa wajinga waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Upendo hauwafanyi watu wawili kuwa mmoja. Fedha za bibi ni za bibi, hata kama mjukuu anampenda kuliko mtu yeyote duniani.

Tuchukue mfano. Kijana analipa mituweli kwa simu ya bibi yake na kazi inakwisha vizuri. Wiki moja baadaye bando lake limekwisha, naye ana somo la kupakua. Anachukua faranga 500 katika akaunti ya bibi, akiwaza moyoni, “Nitazirudisha Jumamosi.” Jumamosi anazirudisha kweli. Bibi hakujua na hakupungukiwa na chochote. Je, kuna kosa hapo?

Wengi watasema hakuna, au ni dogo mno. Mimi naona lipo, na ukubwa wake haupimwi kwa faranga 500. Kabla ya siku ile, bibi aliamini kwamba salio lake hubadilika pale tu anapotaka yeye. Baada ya siku ile imani hiyo si ya kweli tena, na yeye mwenyewe hajui. Kijana alirudisha fedha, lakini hakurudisha uamuzi aliomnyang’anya mwenye mali. Mara ya pili itakuwa rahisi kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeona.

Hapa ndipo neno amana linapotusaidia. Waswahili, hasa kwa mafunzo ya Kiislamu ambayo Waislamu wengi wa Bugarama nao wanayafuata, huheshimu sana kitu kilichowekwa kwa mtu. Mwekewa amana hulinda, hatumii, na mwenyewe akija hurudisha. Ukiachiwa mbuzi, unamlisha na humchinji. Namba ya siri ni amana kwa maana hiyo: kuijua siyo kuimiliki. Methali yasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mtungini kila siku na kujua maji yamefika wapi, lakini maji hayawi yake.

Lakini siri ni amana ya ajabu, na jambo hili naona hatulifikirii vya kutosha. Mbuzi akiwa kwako, mwenyewe humwona zizini kwake kwamba hayupo. Ukimrudisha, huna tena mbuzi. Siri haiko hivyo. Bibi akikupa namba yake, yeye anabaki nayo na wewe unayo. Hawezi kuona kwamba kuna kitu kimetoka mikononi mwake. Na wewe, hata ukitaka kwa moyo safi, huwezi kuirudisha, kwa maana mtu hawezi kujiamuru asahau. Amana nyingine zote huisha kwa kurudishwa. Amana hii huisha kwa njia moja tu, nayo ni mwenyewe kubadilisha namba.

Tukikubali hilo, wajibu wa msaidizi unaonekana wazi. Wa kwanza ni kutopokea siri usiyoihitaji. Kabla ya kumwuliza bibi namba yake, jiulize kama kweli hawezi kuibonyeza mwenyewe. MoMo hufanya kazi hata katika simu ndogo ya vitufe, kwa kupiga *182#. Katika simu hizo kitufe cha 5 kina kinundu kidogo kinachohisiwa kwa kidole, na kutoka hapo mtu hujua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia. Mtu asiyejua kusoma, hata asiyeona vizuri, anaweza kujifunza namba yake kwa vidole kama anavyojua njia ya kisimani. Msaidizi atamfikisha mpaka mahali pa kuweka namba, kisha atampa simu na kugeuza uso.

Mbona basi hatufanyi hivyo? Kwa sababu ya muda. Kumfundisha bibi kunaweza kuchukua jioni kadhaa. Kuichukua namba yake ni dakika moja. Tunasema tunamrahisishia bibi, kumbe mara nyingi tunajirahisishia sisi wenyewe. Kila tunapotaja urahisi wa mtandao, ingefaa tuulize ni urahisi wa nani na gharama yake inalipwa na nani. Nchini kwetu wamekuwapo vijana waliofundishwa kuwaelekeza wananchi matumizi ya teknolojia, na Irembo nayo imehimiza raia wajifanyie huduma wenyewe kwa neno la Kinyarwanda Byikorere. Wazo hilo ni jema, lakini kama halijaanzia nyumbani, kati ya mjukuu na bibi, litabaki kwenye mabango.

Wajibu wa pili ni kufanya kazi mbele ya macho ya mwenyewe. Kama ni lazima ushike simu, keti karibu naye na umwambie kila hatua: sasa nimeandika namba ya kitambulisho, sasa wanaonyesha kiasi cha kulipa, sasa nathibitisha. Ujumbe wa mwisho umsomee wote, pamoja na salio. Wajibu wa tatu ni kumpa nafasi ya kusema basi. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, humruhusu mtu kuondoa ridhaa aliyoitoa. Mimi naona hiki ni kipimo kizuri hata jikoni. Je, bibi akitaka leo kukunyang’anya siri yake, anajua namna ya kuibadilisha, na anaweza kufanya hivyo bila kuogopa kwamba utanuna? Kama jibu ni hapana, ridhaa yake imekwisha kugeuka utegemezi.

Mambo haya hayaishii kwenye fedha. Nyumba yenye ruta inapompa jirani nenosiri la Wi-Fi, inatenda ukarimu, na ukarimu ni sifa. Lakini aliyeunganishwa na mtandao wa nyumba yako anaweza pia kujaribu kufungua mipangilio ya ruta, hasa kama bado inatumia nenosiri lililotoka nalo kiwandani. Upande wa pili, jirani naye ameweka amana kwako. Tovuti nyingi za leo huficha yaliyomo, hivyo mwenye ruta hawezi kusoma kwa urahisi ujumbe wa jirani, lakini anaweza kujua ametembelea tovuti zipi. Je, ni halali kuchungulia kwa sababu intaneti ni yako? Anayemkaribisha mgeni anywe maji hapati ruhusa ya kupekua mfuko wake. Ruta nyingi zinaweza kutengeneza mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, na kufanya hivyo si uchoyo. Ni kama kuwa na sebule: mgeni anakaribishwa kwa furaha, na chumba cha kulala kinabaki na mlango.

Kuhusu wakala wa huduma za mtandao, ambaye si ndugu, kipimo ni kilekile ila kwa ukali zaidi. Akimaliza kazi, picha ya kitambulisho isibaki kwenye kompyuta yake, na akaunti ya mteja ifungwe kabla ya mteja kuondoka. Sheria Na. 60/2018 ya kupambana na makosa ya mtandao inamwadhibu anayeingia bila ruhusa katika mfumo au taarifa za mwingine, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini sheria husubiri mlalamikaji, na asiyejua kwamba ameibiwa hawezi kulalamika. Ndiyo sababu swali hili linabaki kuwa la maadili kabla ya kuwa la mahakama.

Huenda msomaji akauliza: na yule asiyeweza kujifunza kabisa, kwa ugonjwa au uzee uliomchukua kumbukumbu? Kwake yeye siri italazimika kushikwa na mwingine. Hapo nashauri asiishike mtu mmoja gizani. Mmoja alipe, mwingine wa familia asome ujumbe wa malipo kila wiki. Msaidizi mwaminifu hataona hilo kuwa tusi. Litamlinda yeye pia, kwa sababu siku fedha zitakapopungua, anayeshukiwa kwanza ni yule aliyejua namba.

Kwa hiyo, bibi anayempa mjukuu siri yake hakosei. Ametenda alichoweza katika dunia iliyobadilika bila kumsubiri. Mzigo wa maadili uko kwetu tunaoipokea. Tupokee kidogo iwezekanavyo, tufanye kazi mchana kweupe, na tukimaliza tumsaidie kuibadilisha namba hiyo, aibonyeze kwa vidole vyake mwenyewe, nasi tuwe tumetazama kando.