Mkono Unaotaka Kusaidia

Ukishika mali ya mtu na ianze kuharibika mikononi mwako, wajibu wako wa kwanza ni upi: kuitengeneza, au kumwambia mwenyewe? Wengi wetu tutajibu: tengeneza kwanza, utamwambia ukishakuwa na habari njema. Nadhani jibu hilo ni baya, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo wanafalsafa hawapiti sana: chumba cha seva.

Picha za harusi, rekodi za zahanati, miswada ya vitabu, vyote siku hizi hukaa kwenye kundi la diski zilizounganishwa kama chama. Moja ikifa, zilizobaki zinailipia. Unachomoa iliyokufa, unaweka mpya, na zile za zamani zinasomwa mwanzo hadi mwisho ili mgeni apewe fungu lake. Rahisi, si ndiyo? Lakini diski zilizonunuliwa siku moja zimezeeka pamoja, na kusomwa saa nyingi mfululizo kunaweza kuiangusha ya pili. Ama fundi anachomoa nzima na kuiacha mbovu. Ama anaandika amri ya kuongeza badala ya ile ya kubadilisha, na diski mpya inaingia kama mwanachama asiye na mdhamini: siku ikifa, inazama na chama chote.

Kinachofuata ndicho kinanisumbua. Fundi anashikwa na baridi tumboni. Anataka kufanya kitu, chochote. Anazima na kuwasha, analazimisha kundi lifunguke, anajaribu amri aliyoiona mahali. Kumbe mara nyingi data bado iko pale. Kilichoharibika ni ramani ya kuifikia. Kila kitu kipya kinachoandikwa kinaweza kuikalia na kuifuta kabisa. Ndiyo maana waokoaji wazuri wa data huanza kwa kutulia. Wanaacha kuandika. Wanaweka alama kuonyesha kila diski ilikaa wapi. Wananakili kila moja jinsi ilivyo, hata ile mgonjwa, halafu majaribio yote wanayafanya kwenye nakala.

Sasa ile haraka ilikuwa ya nani? Si ya mwenye picha. Yeye amelala, hajui lolote. Ni ya fundi. Zile amri zilikuwa dawa ya hofu yake mwenyewe, na mgonjwa halisi ndiye aliyelipa bili. Hata nje ya kompyuta tunafanya hivyo: tunasema tunasaidia, kumbe tunajitibu.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya waundaji programu, alikuwa akijaribu kufufua seva ya akiba iliyoachwa nyuma. Alifuta folda ya data ili aanze upya. Baada ya sekunde moja au mbili akagundua yuko kwenye seva kuu. Katika gigabaiti karibu 300, zilibaki kama 4.5. Bekapu za kila siku zilikuwa zimeshindwa kimya kimya, na barua pepe za kuonya hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Zile saa sita hazikurudi. Lakini madokezo ya ajali yaliwekwa wazi, na kazi ya uokoaji ikaonyeshwa moja kwa moja kwenye YouTube.

Utasema: hao ni matajiri. Fundi wa kibarua akisema ukweli leo, kesho hana kazi. Ni kweli, na hapo lawama inahama. Bosi anayemfukuza kila anayekiri amenunua ukimya kwa pesa zake, na huo ukimya ndio utakaomfutia data siku nyingine.

Hata hivyo, sidhani hofu ya kazi inafuta deni. Kiswahili kina neno la kitu ulichoachiwa ukitunze: amana. Unakilinda, lakini hujawa mwenyewe. Na mwenyewe anajua mambo usiyoyajua. Pengine picha nusu ziko kwenye simu ya shangazi yake. Pengine kati ya faili zote anataka moja tu, na ukijua hivyo utaanza na hiyo. Pengine bado anapakia data mpya kila saa, juu ya zile unazotafuta. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapa methali inafanya kazi kama maelekezo ya fundi: kumwambia ni sehemu ya uokoaji wenyewe.

Na kama hakuna kitakachorudi? Bado ana haki ya kujua mapema. Ni yeye wa kuamua kama atalipia wataalamu, atasubiri, au ataanza kulia. Ukimficha hadi Ijumaa ili ujaribu mara moja zaidi, utakuwa umeamua kwa niaba yake kuhusu kitu ambacho hakijawahi kuwa chako.