Geto Haijijengi

Ukipanda matatu ya kwenda Kawangware, wenzetu wanaoshukia Yaya hupenda kuuliza: hivi hawa watu wa geto mbona hawatoki? Swali hilo limeshamhukumu mtu kabla hajajibu. Linadhani geto ni tabia, kama uvivu au ulevi.

Neno lenyewe limetoka mbali. Mwaka 1516 watawala wa Venice, kule Italia, waliwaamuru Wayahudi wa mji ule wahamie kisiwa kidogo kilichoitwa Ghetto. Usiku malango yalifungwa na walinzi wakasimama nje. Na mishahara ya walinzi, jamani, ililipwa na Wayahudi wenyewe! Malango hayo yaliondolewa mwaka 1797, majeshi ya Ufaransa yalipouteka mji. Mimi ni hiyo mishahara inayonikaa kichwani. Aliyefungiwa ndiye aliyelipia kufuli.

Sasa tizama Nairobi, mji ulioanza kama kituo cha reli mwaka 1899. Mzungu alijichukulia vilima vya magharibi vyenye hewa safi, Wahindi wakapata Ngara na Parklands, Mwafrika akasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Mwanamume alitembea na kipande shingoni. Kwa serikali ya mkoloni yeye alikuwa mpita njia: kazi ikiisha, arudi rizavu. Nani atamjengea mpita njia nyumba ya mke na watoto? Kibera nako, askari wa Kinubi waliopigania jeshi la Mwingereza waliachiwa msitu wakae, lakini hati hawakupewa. Jamii yao iliipata mwaka 2017, ekari 288.

Uhuru ulikuja 1963. Kufuli likabaki, siku hizi ni bei. Keti na mama mmoja wa Mathare mpige hesabu. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20, na ukihesabu lita kwa lita analipa kuliko tajiri wa Runda mwenye mfereji jikoni. Choo analipia. Stima ni waya wa kuungaunga, nayo ina mwenyewe anayepita kudai chake. Chumba cha mabati futi kumi kwa kumi kina kodi kila mwezi, na mara nyingi anayeipokea halali hapo. Umaskini huu basi ni shamba, na kuna watu wanaovuna. Ndiyo maana sicheki mtu akisema geto haliishi kwa sababu halijakosa faida.

Dawa waliyoizoea wakubwa ni tingatinga. Muoroto ilibomolewa mwaka 1990. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Kibera, barabara ipite. Mwaka 2024, mafuriko yalipokwisha kuua watu, mashine zikaja kando ya mto Mathare na kule Mukuru. Kukaa ukingoni mwa mto ni hatari, sibishi. Lakini mtu aliyebomolewa hayeyuki. Anabeba mabati yake usiku ule ule akatafute ukingo mwingine.

Kuna waliojaribu vingine. Kibera, mwaka 2016, familia zilianza kukabidhiwa nyumba 822 za ghorofa. Wako waliopangisha vyumba na kurudi mabandani, na watu wa Yaya wakacheka: si tuliwaambia? Mimi naona hesabu tu. Mtu asiye na mshahara wa uhakika akipewa chumba chenye thamani, atakila. Ghorofa limempa kuta, kipato hakikuongezeka.

Mukuru ndiko kumenipa moyo kidogo. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza eneo lile la mpango maalumu, na wakazi wakajipanga nyumba kumi kumi kujadili barabara ipite wapi na maji yaingieje. Mjadala ulikuwa mrefu, kelele hazikukosa. Baadaye barabara na mabomba yakaanza kuonekana. Maji yakishuka bei, yule mama anabakiwa na shilingi jioni, na shilingi hiyo haiombi ruhusa ya mtu. Ila swali la ardhi bado liko palepale: sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu binafsi zamani ili wajenge viwanda, na wengi hawakujenga. Hati wanazo wao. Kijana aliyezaliwa pale, akazikia wazazi wake wakiwa pale, ana risiti za kodi peke yake. Nani hapo ni mvamizi?