Kabla Hujatia Sahihi Cheti

Mjukuu wangu, hongera kwa kazi ya maabara ya kupima mionzi kwenye chakula. Hapa Rongai mahindi tunayapima kwa jino na pua: punje ikilia imekauka, gunia likivunda lina kuvu. Hata hivyo, mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Na hiyo mionzi unayokwenda kuipima haina harufu kabisa, wala kuchemsha hakuimalizi. Mlaji atakutegemea wewe.

Anza na sampuli. Nilipokuwa stoo ya nafaka, madalali walipanga magunia mazuri mlangoni ili bambo la kuchukulia sampuli liishie hapo. Wewe agiza ya nyuma yashushwe, uchome juu, kati na chini. Mashine, hata iwe ghali vipi, hujibu juu ya kilichomo kikombeni tu. Ya kontena haiyajui.

Kisha usitishwe na namba. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 370 za sesiamu kwa kilo ya maziwa. Sasa sikiliza: maharagwe makavu yana kama bekereli 400 kwa kilo, za potasiamu ya asili inayotoka udongoni, na githeri tumekula tangu utotoni. Mtu akipita sokoni na kipimo cha mkononi kisichotofautisha hiki na kile, atawafilisi akina mama bure. Mashine yenu huzitenganisha: sesiamu-137 hujitokeza kwenye kiloelektronivolti 662, potasiamu-40 kwenye 1461. Ukiulizwa kama kuna mionzi, uliza nawe, ya nini?

Atakuja pia mwenye mzigo akwambie ukikaa ghalani miezi miwili utakuwa salama. Kwa iodini-131 ana hoja, maana hupungua nusu kila siku 8. Sesiamu-137 huchukua miaka 30. Huyo mwambie arudi akiwa na wajukuu.

Sheria ya 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, lakini sheria haishiki kalamu; anayetia sahihi ni wewe, kwa hiyo ijue mashine yako. Kuta zenyewe na udongo vina mionzi yake, ndiyo maana kikombe huwekwa ndani ya risasi nene. Wiki ya kwanza usijitie ujuaji. Omba uonyeshwe kipimo cha kikombe kitupu, ujue mionzi isiyo ya chakula ni kiasi gani. Wasipokuwa nacho, cheti cha mtu kisubiri.