Hongera na Pole

Kwa miezi saba niliamini kwamba mmea wangu unastawi. Ni ekeveria, ule mmea mdogo wenye majani manene yaliyojipanga duara ndani ya duara kama petali za waridi. Niliununua kwa mzee mmoja anayeuza miche kando ya Ngong Road. Ulikuwa na upana wa kiganja na haukuzidi kidole gumba kwa urefu. Nikauweka juu ya meza chumbani kwangu hapa Nairobi. Chumba kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jengo la jirani. Ukinyoosha mkono unakaribia kuugusa.

Mwezi wa pili mmea ulianza kupanda. Majani yaliyokuwa yamebanana yaliachana, shina likajitokeza, na shina likaendelea. Kufikia mwezi wa saba ulikuwa mrefu kama kalamu. Kila Jumapili niliupiga picha na kuwaonyesha rafiki zangu, nao wakanipongeza. Mmoja aliniambia nina mkono wa baraka. Nilizipokea pongezi hizo zote bila haya.

Kisha nikarudi kwa yule mzee kununua chungu kikubwa zaidi. Nikamwonyesha picha, nikisubiri na yeye anisifu. Aliitazama, akanirudishia simu.

"Huu haujakua, kijana," alisema. "Huu unatafuta jua."

Sikununua chungu. Nilirudi nyumbani nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu. Ekeveria nyingi asili yake ni Meksiko, na zipo zinazoota kwenye miamba ya milimani, penye mwanga mkali. Jina lake lilitolewa mwaka 1828 na mtaalamu wa mimea de Candolle, kwa heshima ya Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa Meksiko. Mmea huu ukipata mwanga wa kutosha haurefuki upesi. Unabana majani yake karibu na udongo na kutulia. Lile umbo la waridi ndilo umbo la shibe. Mwanga ukipungua, seli za shina hujivuta na kuwa ndefu kuliko kawaida, majani hutengana, rangi hupauka, na mmea mzima hupeleka akiba yake kwenye safari ya kuutafuta mwanga. Kwa jicho la asiyejua, safari hiyo inafanana sana na ustawi.

Usiku ule nilimkumbuka mdogo wangu.

Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza, mama alipokwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani Voi walibaki yeye na wadogo zetu wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mitano. Shangazi alipita jioni alipoweza. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Nairobi. Mama alikaa huko miaka minne. Katika miaka hiyo mdogo wangu alijua bei ya unga duka kwa duka, alijua mtoto yupi huamka usiku na kwa nini, alijua kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu karo kama mzazi. Aliacha mpira wa wavu, ambao aliupenda kuliko chochote, kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni na jioni ndipo moto ulipotakiwa kuwashwa.

Nilipokwenda likizo nilikuta nyumba imefagiwa na watoto wamelala wameshiba. Nilimwambia, "Umekuwa mtu mzima kabisa." Majirani walisema vivyo hivyo. Kanisani alitolewa mfano. Sote tulikuwa na methali yetu tayari: mvumilivu hula mbivu.

Desemba iliyopita, mkubwa wa wale watoto wawili alipomaliza kidato cha nne, tulifanya sherehe ndogo. Nilisimama nikatoa hotuba. Nilisema kwamba huyu dada yetu alikuwa mama akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba sisi sote tumesimama juu ya mabega yake. Watu walipiga makofi, mama akalia. Yeye aliinuka, akakusanya sahani na kwenda kuziosha. Baadaye nilimfuata karoni.

"Kaka, ile hotuba usiitoe tena."

"Kwa nini? Nilikuwa nakusifu."

"Najua. Mmenisifu miaka kumi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole."

Sikumwelewa. Nilidhani amechoka. Ilibidi mzee wa miche anieleze, bila yeye mwenyewe kujua anaeleza nini.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo tunayatamka kila siku bila kuyapima. Hongera hupewa aliyefika. Pole hupewa anayebeba. Ukimkuta mtu shambani unamwambia pole na kazi, hata kama kazi yenyewe ni njema na ameichagua mwenyewe, kwa kuwa unakiri kwamba kuna uzito juu yake na wewe umeuona. Tofauti ya maneno haya ni kubwa. Hongera hufunga jambo: umeshinda, tumefurahi, twende nyumbani. Pole hulifungua. Ukisema pole kwa dhati, mguu wako hauondoki upesi, maana swali linalofuata liko wazi: nikusaidie wapi? Nadhani ndiyo maana tulimpa hongera. Haikutugharimu kitu. Mimi nilikuwa na likizo ndefu mara mbili kwa mwaka, na sikumbuki niliwahi kuosha sufuria moja ili yeye aende uwanjani.

Swali linalonisumbua basi ni hili: je, ni haki kumsifu mtu kwa sifa njema aliyoipata kwa kukosa alichostahili?

Jibu la haraka ni kwamba sifa njema ni njema popote ilipotoka. Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli. Uji ulipikwa, watoto walisoma, mmoja sasa anasubiri kujiunga na chuo. Aristotle alifundisha kwamba ili tendo lihesabiwe kuwa la mtu mwema, halina budi kutokana na kuchagua. Kwa kipimo hicho mtu angeweza kusema mdogo wangu hakuchagua, alilazimika tu. Lakini hilo nalo nalikataa. Wapo waliopewa mzigo kama ule wakautupa, na wala siwalaumu, walikuwa watoto. Yeye aliubeba. Kila asubuhi kulikuwa na uamuzi mdogo ndani yake. Kumnyima sifa hiyo ni kumdhulumu mara ya pili, kumfanya awe kitu kilichotendewa tu.

Hata mmea haustahili dharau. Ule urefu si ugonjwa. Ni akili ya aina yake: mche ulioangukia kivulini ukijivuta unaweza kufika penye mwanga, na usipojivuta utakufa pale pale. Ekeveria yangu ilifanya kilichokuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyeiweka ukutani kisha akaipigia picha.

Mwanafalsafa wa Marekani, Lisa Tessman, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 2005, Burdened Virtues. Anasema kwamba katika mazingira ya dhuluma watu hulazimika kukuza tabia ambazo kweli ni za kusifika, lakini zinamwelemea mwenye kuzibeba, na hazimletei yale maisha mema ambayo tumezoea kudhani fadhila huyaleta. Nilipokutana na hoja hiyo niliona imetaja nyumba yetu. Uvumilivu wa mdogo wangu ulitulisha sisi. Yeye ulimwachia usingizi mwepesi na mazoea ya kuinuka kukusanya sahani watu wanapompigia makofi.

Kwa hiyo sidhani kosa letu lilikuwa kusifu. Kosa lilikuwa kusifu kana kwamba ukuta haupo. Ukimsifu aliyerefuka bila kuuliza kilichomrefusha, sehemu ya sifa hiyo unaupa ukuta. Unasema, kwa namna fulani, kwamba kivuli kimezaa matunda, basi na kibaki, na mtoto mwingine awekwe hapo hapo. Nimeanza kujiwekea kipimo: kabla ya kumpa mtu hongera kwa yale aliyoyapitia, najiuliza kama ninaweza kusema katika pumzi hiyo hiyo kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Nikishindwa, huenda ninajishukuru mwenyewe kwa kutokuwa mimi.

Kuhusu mmea, nilifanya yale mzee aliyonielekeza. Shina likisharefuka halirudi kuwa fupi, hata ukiliweka juani mwaka mzima. Unachukua kisu safi, unakata kile kichwa pamoja na kipande kifupi cha shina, unakiacha kikavu kwa siku kadhaa mpaka jeraha lifunge, kisha unakiweka juu ya udongo wenye kokoto nyingi na kungoja mizizi. Maji ni machache, na udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Lile shina lililobaki halitupwi, kwa kuwa linaweza kuchipua. Tena mmea uliozoea kivuli hautolewi juani ghafla. Jua lile lile uliloliota litaunguza majani. Unausogeza kidogo kidogo: saa moja ya asubuhi, wiki ijayo mbili. Sasa vyungu vyangu viwili viko kwenye ngazi za paa, kwa hisani ya mlinzi wa jengo.

Mwanadamu hakatwi kichwa akaanza upya, na hapo mmea hauna la kunifundisha. Ile miaka minne haifupiki. Lakini hilo la kusogeza polepole nimelishika. Nilipompigia mdogo wangu simu na kumwambia pole, miaka kumi baada ya wakati wake, hakulia wala hakunishukuru. Nikamuuliza anataka nini. Alinyamaza, kisha akasema, "Sijui. Hilo sijawahi kuulizwa." Nilitaka kumpa mapendekezo kumi palepale. Nikajizuia. Tulianza na vitu vidogo: kliniki za mama ni zamu yangu, na karo na simu za walimu wa yule mdogo ni zangu. Yeye amehamia Mombasa kwa kazi, na Jumamosi anacheza mpira wa wavu na watu ambao hawajui kwamba aliwahi kuwa mama.

Wiki iliyopita alinipigia usiku. Alikuwa amesahau kumtumia mama pesa ya gesi. Alikuwa ufukweni na wenzake, simu ilizima, na jambo lenyewe likamtoka kabisa. Sauti yake ilikuwa na hofu, kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Nilimwambia nimeshatuma. Nikamuuliza kama maji ya bahari yalikuwa ya moto.