Lauhu Isiyo Msomaji

Neno kuhifadhi, ambalo Waswahili tuliliazima kwa Waarabu zamani sana hata tukasahau kuwa lilikuja kwa jahazi, lina maana mbili zinazokaa nyumba moja bila kugombana: kuweka kitu mahali kisipotee, na kukitia moyoni hata mwenye nacho aweze kukisoma gizani, bila karatasi wala taa. Mtoto wa chuoni aliyemaliza juzuu thelathini kwa ghibu huitwa hafidhi kwa maana ya pili. Karani wa leo, amalizapo kuandika barua katika kompyuta, hubonyeza neno lile lile kwa maana ya kwanza, na kando yake programu nyingi huchora hata sasa picha ya disketi, kana kwamba disketi yenyewe bado iko mezani. Waliotafsiri programu hizo hawakukusudia kututungia mtihani wa elimu ya dini, lakini wametutungia, nami nimeshinda nao miezi kadhaa kwa sababu ya kopo la biskuti.

Kopo hilo liliachwa na marehemu mjomba wangu, aliyesomesha chuo miaka arobaini na kukhutubu Ijumaa katika msikiti wa mtaa wetu, na ambaye uzeeni, kwa ushupavu uliotustaajabisha sote, alijifunza kupiga chapa katika kompyuta kuukuu aliyopewa na mwanafunzi wake mmoja. Ndani ya kopo mlikuwa na disketi kumi na moja, kila moja ina kijikaratasi chenye mwandiko wake wa kalamu ya risasi. Mkaza mjomba wangu aliliweka juu ya rafu ya misahafu, hakuruhusu kitu kuwekwa juu yake, wala hakumruhusu mtu kuligusa ila awe na udhu, kwa hoja kwamba mzee hakupata kuandika khutba isiyokuwa na aya. Warithi walipokwisha kugawana, kopo likanijia mimi, kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye wa kuandikaandika. Nikalipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini, kijana mwenye adabu, naye akaigeuza disketi moja mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Sheikh, hii haina pa kuchomeka."

Chombo kile ambacho disketi hutumbukizwa ndani yake ili isomwe, wenye kazi hiyo hukiita draivu. Mimi nitakiita msomaji, maana ndilo jina linalosema kweli juu yake.

Nianze na mas-ala ya mkaza mjomba, kwa sababu si ya kuchekwa. Wanazuoni wengi wa zama hizi, walipoulizwa juu ya kanda na sidii zenye Kurani, walijibu kwamba vitu hivyo havichukui hukumu ya msahafu, kwa kuwa hamna ndani yake herufi zionekanazo, na kwa hiyo mtu asiye na udhu hapati dhambi kwa kuvishika. Jibu hili nililikubali kwa ulimi kwa miaka mingi bila kulipima, mpaka nilipojiuliza: ikiwa herufi hamna, basi mna nini? Disketi ya inchi tatu na nusu, aina iliyoletwa na Sony mwaka 1981, ni duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, likafungiwa katika gamba gumu lenye kidirisha cha bati. Msomaji hukisukuma kidirisha kando, hulizungusha duara mara 300 kwa dakika, na kulipapasa juu na chini kwa vichwa viwili vidogo kama kipofu apapasavyo ukuta, akipita njia 80 kila upande. Anachokikuta njiani si alifu wala bee, bali ni mahali ambapo sumaku imebadili mwelekeo na mahali ambapo haikubadili. Ndiyo na siyo, basi. Hizo ndiyo na siyo zikihesabiwa kwa kanuni waliyoafikiana mafundi huwa namba, na namba zikipewa programu iliyofundishwa abjadi fulani huwa herufi, na herufi zikiangukia jicho la mtu aliyesoma ndipo huwa khutba. Kiungo kimoja kikikatika, mkononi hubaki plastiki na kutu.

Sidii nayo haikuachana na hali hii, ijapokuwa ni chombo cha kifahari zaidi: msomaji wake haigusi kabisa, bali huimulika kwa mwali wa infraredi usioonekana, akifuata mstari mmoja wa vishimo uliojiviringa kutoka katikati kwenda ukingoni. Flashi, ambayo asili yake ni kumbukumbu aliyoibuni Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, haina hata kitu cha kuzunguka. Ndani yake mna chembe za umeme zilizofungiwa vyumbani, nazo huvuja kidogo kidogo mwenyewe akiisahau ndani ya droo.

Mabishano haya ya neno na chombo chake, kwa hakika, yana umri mkubwa kuliko umeme wa mjini. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliamuru makadhi na wanazuoni wa Baghdad watahiniwe mmoja mmoja, wakiri kwamba Kurani imeumbwa, na Imamu Ahmad bin Hanbal akakataa, akafungwa, na baadaye chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Wengi waliomfuata katika kukataa walikuja wakapambanua kwamba Neno ni sifa ya Mola na halikuumbwa, lakini wino, ngozi, karatasi na sauti ya msomaji vimeumbwa vyote. Nilipokuwa kijana upambanuzi huo niliuona kuwa ni ujanja wa watu wa mantiki. Disketi ya mjomba imenionyesha kwamba ni jambo la kawaida kabisa: hakuna aliyewahi kuona neno likiwa limeshikamana na kitu chake.

Lakini ikiwa neno halimo katika chombo, kulihifadhi ni kuhifadhi nini? Waingereza walijifunza swali hili kwa gharama. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900 tangu ardhi ya nchi ile kuandikwa, kwa amri ya Mfalme William, katika daftari kuu liitwalo Domesday Book, BBC walitengeneza daftari jipya la zama zao, likachangiwa na zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, likatiwa katika sahani kubwa za leza zenye upana wa sentimita 30 hivi. Haikupita miaka ishirini, wasomaji wa sahani zile wakawa adimu, na wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kuhangaika ili yaliyomo yaonekane tena. Na wakati huo huo daftari la mwaka 1086, wino juu ya ngozi ya kondoo, lilikuwa London likisomeka na kila ajuaye Kilatini. Nasema kila ajuaye Kilatini, kwani na lenyewe lina msomaji wake: ni lugha iliyokufa midomoni ikabaki hai kwa walimu.

Na yupo bibi mmoja wa Marekani ambaye mimi humhesabu miongoni mwa wenye kulinda amana, ingawa hakudai jina hilo. Vyombo vitano vya Lunar Orbiter vilivyopelekwa kuuzunguka mwezi katika miaka ya 1966 na 1967 vilileta picha, nazo zikatiwa katika kanda za sumaku; miaka ilipopita, kanda zikawa mzigo wa ghala. Nancy Evans, mhifadhi wa kumbukumbu, alikataa zisitupwe. Lililo kubwa zaidi ni kwamba alizipatia na wasomaji wake, mashine za Ampex zilizo nzito na kubwa kama makabati, akazitunza nyumbani kwake kwa miaka mingi wakati hapakuwa na mtu wa kumlipa wala wa kumsifu. Mwaka 2008 mafundi wa California, wakifanya kazi katika jengo lililokuwa mkahawa wa McDonald's, waliifufua mashine moja, na picha ya dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, iliyopigwa Agosti 1966, ikaonekana kwa uwazi usiopata kuonekana kabla. Bibi yule angaliokoa kanda peke yake, angaliokoa rundo la plastiki.

Wazee wetu walilijua hili bila kulifanyia mkutano. Ubao wa chuoni ulikuwa chombo cha kuandikwa na kufutwa: mwalimu huandika kwa wino wa masizi, mtoto husoma mpaka aya ishike, kisha ubao huoshwa na maji yake kumwagwa mahali pasipokanyagwa, kwa kuwa hifadhi ya kwanza imekwisha kuipokeza hifadhi ya pili. Na Zaid bin Thabit, alipoamriwa na Abubakar kuikusanya Kurani baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, aliitafuta katika makuti ya mitende, katika mawe bapa na katika vifua vya watu, vyote pamoja.

Kuna jambo moja linalonizuia nisiifunge hoja yangu. Mgonjwa wa pwani huandikiwa kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya marashi, akanywa. Hakuna aliyesoma, mgonjwa pengine hajui hata herufi moja, na hata hivyo mnywaji haoni kuwa amekunywa zafarani tu. Mkaza mjomba wangu, nilipomweleza habari ya sumaku na ndiyo na siyo, alinijibu kwa neno moja tu: kombe. Sikuwa na jawabu, na mpaka sasa sina, ila naona tofauti kati ya kutegemea baraka ya neno na kudai kuwa nimelihifadhi.

Msomaji tulimpata hatimaye kwa mhasibu mstaafu aliyekuwa hatupi kitu, naye ni kijisanduku cha kuchomeka kwa waya. Disketi saba zilikwaruza na kunyamaza. Nne zilifunguka. Tatu zilikuwa na khutba, ambazo nitazipiga chapa karatasini panapo majaaliwa. Ya nne haikuwa na aya hata moja: ilikuwa daftari la vitabu alivyoazimisha, majina na tarehe, na mbele ya jina langu palikuwa na sherehe ya Ajurumia, yaani ufafanuzi wa kitabu cha nahau ya Kiarabu, niliyoichukua nikiwa na miaka kumi na tisa nikaisahau kabisa. Disketi ile ilikaa katika kopo miaka ishirini bila mtu kuweza kuisoma, na deni halikupungua hata siku moja. Mkaza mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na miwani mkononi, akauliza pameandikwa nini. Nikamsomea, jina langu na yote. Akaitikia kwa kichwa, kisha akataka kujua kama kitabu kimepata mchwa.